Lihamishwe jiliwa, si mkono wa kijana

Na Mwandishi Wetu, Mwanza

UBAO wa mninga umelazwa juu ya meza ya kazi, kichwa chake cha kushoto kimegota kwenye kizuizi. Kijana anashika randa: mkono wa kushoto nyuma kwenye mpini, wa kulia mbele kwenye kirungu. Anasukuma kuelekea kulia, ambako mwili wake unampeleka. Huko hakuna cha kuuzuia ubao. Unateleza, unatoka mezani na kuangukia kwenye maranda.

Anauokota, anaukung'uta, anaurudisha. Mara hii anabadilisha mikono ili afanane na wenzake. Randa inarukaruka, inachimba, inang'oa nyuzi na kuacha kovu katikati ya ubao ulionunuliwa kwa fedha ya mteja. Fundi mkuu anasogea, anapitisha kiganja juu ya lile kovu, kisha anatoa hukumu fupi: huyu hana mkono wa ufundi.

Kisa hiki hakina karakana maalumu. Kinaweza kutokea Igoma, Nyakato, Buzuruga, Kirumba au ng'ambo ya maji Sengerema, popote ambapo kijana mwenye mashoto anakabidhiwa meza iliyopangwa kwa ajili ya mtu wa kulia na hakuna anayejiuliza jiliwa limefungwa upande gani. Mkono wa ufundi anao. Kilichomwangusha ni kizuizi na jiliwa vilivyowekwa upande usio wake.

Kila kitu kinafuata mkono

Anayeingia karakana kwa mara ya kwanza huona meza tu: mbao nene juu, miguu minne chini, jiliwa pembeni. Fundi anaona zaidi. Meza ya seremala ina mbele na nyuma, na karibu kila kilichofungwa juu yake kimepangwa kwa kufuata mkono mmoja.

Fundi wa mkono wa kulia anapopiga randa husimama meza ikiwa kuliani kwake, mguu wa kushoto umetangulia. Nguvu inatoka miguuni na kiunoni, mikono inaongoza tu. Randa inasafiri kutoka kulia kwenda kushoto. Kwa hiyo kizuizi cha kugotesha ubao kinakaa ncha ya kushoto. Jiliwa, au vaisi kama linavyoitwa na mafundi wengi, hufungwa mbele upande huohuo wa kushoto, ili ubao uliosimamishwa kwa ubavu usukumwe kuelekea ulikobanwa.

Ncha ya kulia huachwa wazi kwa ajili ya msumeno. Kipande kinachokatwa huning'inia nje upande wa kulia, msumeno unashuka pembeni mwa meza, na mkono wa kushoto unaukandamiza ubao usitikisike. Nyundo, patasi na skwea hutundikwa pale ambapo mkono wa kulia unafika bila macho kutafuta. Hata dirisha lina upande wake: mwanga ukitoka kushoto, kivuli cha mkono wa kulia hakiangukii mstari wa penseli.

Mwenye mashoto anahitaji mpangilio huo ugeuzwe. Jiliwa liwe mbele, kulia. Kizuizi kiwe ncha ya kulia. Ncha ya kushoto iwe wazi kwa msumeno, zana zitundikwe kushoto, mwanga utoke kulia. Kimo cha meza hakibadiliki: fundi asimame wima, mikono aiachie, na uso wa meza ufike usawa wa kifundo cha mkono au chini yake kidogo, awe wa kulia au wa kushoto.

Mpangilio wa kulia una umri mkubwa. Mfaransa André-Jacob Roubo, aliyekuwa seremala kwa kazi yake, alianza mwaka 1769 kuchapisha Paris vitabu vikubwa kuhusu useremala, na meza aliyoichora humo ina ndoano ya kushikia mbao upande wa kushoto. Meza za Ulaya za ukoo huo ndizo zilizokuja Afrika Mashariki na misheni, reli na shule za ufundi. Kwenye ufukwe wetu wa kusini wa Ziwa Victoria, Mskoti Alexander Mackay, mhandisi wa misheni ya CMS, alikuwa akifua chuma na kuchonga mbao huko Usambiro mpaka alipofariki Februari 1890. Mapadri Weupe nao walikuwa wameanzisha misheni ya Bukumbi mwaka 1883. Waliojifunza kwenye meza za namna hiyo walitengeneza nyingine zinazofanana nazo, na waliofundishwa wakafundisha walivyofundishwa.

Hakuna kikao kilichowahi kukaa kikaamua mtu wa mashoto asipewe meza yake. Meza ilinakiliwa, basi, na sasa wengi wetu tunaiona kana kwamba mbao yenyewe ndiyo iliyotaka iwe hivyo.

Ni wengi kuliko tunavyowahesabu

Mwaka 2020 watafiti wakiongozwa na Marietta Papadatou-Pastou wa Chuo Kikuu cha Athens waliunganisha tafiti zilizogusa watu zaidi ya milioni 2.3 na kupata kwamba wanaotumia mkono wa kushoto ni takriban asilimia 10.6. Kiwango hicho hushuka hadi 9.3 kwa vipimo vikali na kupanda hadi 18.1 kwa vipimo vilegevu. Kwa hesabu ya kawaida, darasa la useremala lenye vijana 20 lingetarajiwa kuwa na wawili.

> Darasa la useremala lenye vijana 20 lingetarajiwa kuwa na wawili wenye mashoto.

Tukitazama karakana zetu hatuwaoni wawili hao, kwa sababu wengi wamejifunza kujificha tangu utotoni. Mtoto wa kanda hii, awe Msukuma, Mkerewe, Mjita au Mhaya, anakua akiambiwa apokee kwa mkono wa kulia, ale kwa wa kulia, asalimie kwa wa kulia. Katika nyumba za Waislamu mafundisho ya dini yanasisitiza hilohilo. Shuleni, watu wengi wa rika la wazazi wetu walichapwa viganja hadi kalamu ikahamia upande uliotakiwa. Akifika karakana, kijana amekwisha kuzoea kukaa kimya kuhusu mkono wake. Fundi akimpa msumeno, ataupokea kwa mkono wa kulia na kukata vibaya kuliko kusema ukweli.

Sina ugomvi na adabu hiyo. Mkono wa kupokelea na kusalimia ubaki kama wazee walivyotuachia. Lakini meza ya kazi haina mgeni wa kupewa heshima. Ina msumeno wenye meno, na mkono unaoushika unapaswa kuwa ule unaouweza.

Kinachodhaniwa kuwa ni tabia mbaya ya mtoto huanza kabla hajazaliwa. Peter Hepper na wenzake wa Belfast waliwafuatilia watoto 75 waliokuwa wamepigwa picha za mawimbi ya sauti wakiwa tumboni. Waliokuwa wakinyonya kidole gumba cha kulia walikuwa 60, na walipofika umri wa kwenda shule wote walikuwa watu wa kulia. Kati ya 15 walionyonya cha kushoto, 10 walikuwa wa kushoto. Na waumini wa Mwanza wanaosoma kitabu cha Waamuzi wanawakumbuka wale watu 700 wa kabila la Benyamini, wote wa mkono wa kushoto, waliosifiwa kwa shabaha ya kombeo. Hakuna aliyewaambia wahamishie kombeo kulia kabla ya kwenda vitani.

Nafuu iko kando ya barabara

Jambo moja linashangaza. Kijana wa mashoto anayejifunza kwa fundi wa kando ya barabara anaweza kuwa na bahati kuliko mwenzake aliyelipiwa ada ya chuo.

Meza ya barabarani aghalabu ni mbao za paini au mkaratusi za mbili kwa sita zilizopangwa juu ya miguu mizito, chini ya bati. Paini haitoki mbali: Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, una mashamba ya miti Buhindi, katika Halmashauri ya Buchosa, na Rubya, kisiwani Ukerewe. Meza nyingi za namna hii hazina jiliwa. Kizuizi chake ni misumari miwili iliyokatwa vichwa ikaachwa imechomoza kidogo, chini ya unene wa ubao unaorandwa. Kubana kunafanywa kwa kabari, kamba ya mpira wa baiskeli au goti la mwenzako.

Misumari miwili haimlazimishi mtu. Kijana akiing'oa kushoto na kuipigilia kulia, meza imekuwa yake kabla chai haijapoa. Akitaka fundi wake naye aendelee kuitumia, anapigilia mingine miwili ncha ya pili na kuizamisha isiyotumika. Anachohitaji ni ruhusa tu.

Chuoni hali ni nyingine. Jiliwa la chuma la inchi 7 au 9 limefungwa kwa bolti kwenye meza nzito, kwenye safu, na meza ni mali ya chuo. Mwanafunzi hawezi kuja na spana asubuhi. Mkufunzi naye anaogopa kugusa kilichoandikwa kwenye daftari la mali. Hivyo mahali palipojengwa mahususi kwa ajili ya kufundisha ndipo panapokuwa pagumu zaidi kumfundisha huyu mmoja.

Kulihamisha jiliwa si kazi ya kutisha. Jiliwa la chuma lenyewe halina kulia wala kushoto, lililo na upande ni tundu la bolti. Unalifungua, unalipeleka mbele kulia karibu na mguu wa meza ili mguu ubebe uzito wa nyundo, unachonga nafasi ya taya la nyuma lilingane na ukingo wa meza, unatoboa, unakaza. Matundu ya zamani unayaziba kwa vijiti vya mbao na gundi. Kisha unatoboa matundu machache ya vigingi kwenye mguu wa kushoto, ili ubao mrefu uliobanwa kulia uegemee kitu upande wa pili. Ni kazi ya asubuhi moja kwa watu wawili, kwa sababu jiliwa ni zito.

Vilivyobaki ni vidogo, na fundi mwenyewe anaviunda. Kibao cha kukatia, kile chenye mbavu mbili kinachoshika ukingo wa meza, kwa kawaida ubavu wake wa juu hufupishwa upande wa kulia ili msumeno upite. Cha mashoto kifupishwe kushoto, au pande zote mbili wakitumie wote. Kibao cha kunyooshea vichwa vya mbao kigeuzwe vilevile.

Zana zenyewe hazina matatizo makubwa. Patasi haina upande. Randa ya chuma ya kawaida inakubali mikono yote. Msumeno wa mkono pia, isipokuwa mpini wake uwe umechongwa kwa kiganja kimoja. Inayokataa ni randa ya kupiga mfuo, ambayo kiongozi chake kimefungwa upande mmoja, na hiyo mashoto hana budi kuizoea kama ilivyo. Futi kamba nayo itamkera kidogo: akiivuta kwa upande unaomfaa, namba zinamkabili kichwa chini. Na katika kukaza skrubu atachoka mapema, kwa kuwa mzunguko wa mkono wa kushoto una nguvu zaidi katika kufungua kuliko kukaza.

"Zunguka upande wa pili"

Ushauri ambao kijana wa mashoto hupewa haraka ni huu: meza ina pande mbili, zunguka ukafanyie kazi ng'ambo. Unasikika wa busara mpaka ujaribu.

Ukizunguka meza ya mtu mmoja, kizuizi kilichokuwa kushoto kinakuwa kulia, na hapo umepata nusu ya haki yako. Jiliwa linabaki kwenye ukingo wa mbali, taya limekupa mgongo. Ubao wa kulazwa utaupiga randa vizuri. Wa kusimamishwa kwa ubavu hutauweza, na kiti au mlango hauishi bila ubao wa ubavu.

Kwenye meza za watu wawili wanaotazamana, zilizozoeleka katika karakana za shule, mambo yanapendeza zaidi na naomba msomaji anifuate polepole. Mafundi wawili wa kulia wakitazamana, kila mmoja husukuma randa kuelekea kushoto kwake, yaani wanasukuma pande zinazopishana: mmoja kuelekea ziwani, mwingine kuelekea mlimani. Ndiyo maana majiliwa yao hufungwa kwenye pembe za mkingamo.

Sasa muweke mtu wa mashoto amkabili mtu wa kulia. Wa kulia anasukuma kuelekea kushoto kwake. Wa mashoto anasukuma kuelekea kulia kwake. Kwa kuwa wanatazamana, ni upande uleule mmoja. Wote wanasukuma kuelekea ziwani, kizuizi chao kinaweza kuwa ncha moja, majiliwa yao yanakaa ncha moja kila mmoja kwenye ukingo wake, na ncha ya pili inabaki wazi kwa misumeno yote miwili.

> Mtu wa kulia na mtu wa mashoto wakitazamana mezani, wote wawili husukuma randa kuelekea ncha ileile.

Maana yake ni kwamba chuo chenye meza kumi za watu wawili hakihitaji meza ya ziada kwa ajili ya mashoto wake. Kinahitaji kuhamisha jiliwa moja kwenye meza moja, na kumpa kijana huyo jirani wa kulia. Mipango ya karakana niliyozoea kuiona haina meza ya namna hiyo, na sioni sababu ya kukosekana kwake zaidi ya kwamba hakuna aliyeiomba.

Wanaokataa wana hoja

Mafundi wakongwe wasioafiki jambo hili si watu wakatili, na hoja zao zimetoka kazini.

Wanasema kijana hatafanya kazi maisha yake yote kwenye meza aliyoandaliwa. Kesho atakwenda kupaua nyumba Misungwi au kufunga makabati Nyegezi, na huko atakuta meza ya mtu mwingine au hataikuta kabisa. Anayejua kutumia mkono mmoja kwenye meza moja atakwama. Wanasema pia kwamba randa ni kazi ya mikono miwili na miguu, kwa hiyo kijana akianza mapema atajifunza kuisukuma kama wengine. Na wapo wenye hoja ya nafasi: karakana yenye meza mbili na mafundi watano haiwezi kumtengea mtu meza.

Kuhusu randa wana haki kwa sehemu kubwa. Wapo wenye mashoto wengi wanaopiga randa kwa kulia bila shida, na fundi anayeweza pande zote mbili ana faida, kwa sababu nyuzi za mbao hazimuulizi mtu anatumia mkono gani. Mninga na mvule, ambazo nyuzi zake mara nyingi hupishana, humtaka fundi ageuze ubao au ageuze mwili. Kijana wa mashoto afundishwe kulia pia, baada ya kwanza kuijua kazi kwa mkono wake.

Hapo kwenye "kwanza" ndipo tunapotofautiana. Kukata kwa msumeno kwenye mstari, kuchimba tundu la ulimi kwa patasi, kuchora alama: hizo ni kazi za mkono mmoja unaoongoza, na mkono usioongoza huchukua muda mrefu kuzizoea. Anayeanza kwa mkono dhaifu, kwenye meza ya kinyume, mbele ya wenzake wanaocheka, anapimwa kwa kitu ambacho si ufundi. Wengine huacha. Tunawapoteza kabla hatujajua kama walikuwa mafundi.

Hoja ya nafasi jibu lake ni misumari miwili ya ziada na tundu la pili la bolti. Meza inaweza kuwa ya wote.

Mashine haina mjadala huo

Kwenye mashine msimamo wangu ni tofauti, na nataka ueleweke vizuri. Meza ihamishwe kumfuata mtu. Mashine isihamishwe kwa kubahatisha.

Meza ya msumeno wa umeme imejengwa ili mbao ipite kati ya msumeno na ukingo wa kuongozea ulio upande wa kulia, na mwendeshaji asimame kushoto akisukuma kwa mkono wa kulia. Mwenye mashoto asiyefundishwa hili atataka kusukuma kwa kushoto. Ama atauvusha mkono juu ya msumeno, ama atahamia kulia, nyuma ya ubao wenyewe. Msumeno ukiubana ubao na kuurusha nyuma, atakayekutana nao ni yeye. Msumeno wa mnyororo wa kukatia miti nao umeundwa hivyo: mkono wa kulia nyuma kwenye kifyatulio, wa kushoto mbele, kwa kila mtu.

Mwaka 1995 madaktari wa upasuaji wa mikono nchini Marekani walichapisha utafiti wao kuhusu majeruhi waliowatibu, wakaonyesha kwamba watu wa mashoto walikuwa katika hatari ya kukatika vidole karibu mara 5 ya watu wa kulia. Mashine za umeme zilihusika sana. Takwimu hiyo ni ya huko, lakini mashine zinazouzwa kwetu zina maumbo yaleyale.

> Meza ihamishwe kumfuata mtu. Mashine isihamishwe kwa kubahatisha.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya mwaka 2003, inamtaka mwajiri awalinde wafanyakazi wake wakiwa kazini. Kwa karakana yenye mashine, ulinzi huo uanze kwa swali la siku ya kwanza: unatumia mkono gani? Mwenye mashoto apewe kijiti cha kusukumia mbao, aonyeshwe pa kusimama, na asiachwe peke yake kwenye msumeno mpaka mkono wa kulia uzoee kazi hiyo moja. Swali hilo halina gharama, na linamwondolea kijana mzigo wa kujificha.

Ufukweni, ubavu kwa ubavu

Kuna mahali ambapo mashoto hahitaji kuombewa nafasi, na mahali hapo ni ziwani.

Mitumbwi ya mbao inayovua dagaa na sangara kutoka Igombe, Kayenze na visiwa vya Ukerewe haiundwi juu ya meza. Mkuku hulazwa chini kwenye magogo, mataruma husimamishwa, mbao hupigiliwa moja baada ya nyingine, kisha hufuata kalafati. Fundi ndiye anayekizunguka chombo.

Na chombo kina mbavu mbili zinazofanana. Fundi wa kulia akisimama nje ubavu wa kushoto, randa yake inakwenda kuelekea omo. Akihamia ubavu wa kulia, inakwenda kuelekea tezi. Mbao zilizopindwa kufuata umbo la chombo hazikubali kila mara kurandwa upande unaomfaa yeye, hivyo ubavu mmoja humpa taabu ya kugeuza mwili, kupiga tezo kwa kukingama au kurudi nyuma hatua kwa hatua. Ubavu huohuo ndio ulio mwepesi kwa mtu wa mashoto. Timu ya waunda mitumbwi yenye mmoja wa namna hiyo ina mtu wa kila ubavu.

Ufukwe wa Ziwa Victoria una kazi nyingi za aina hii, na sioni kwa nini kijana anayekataliwa kwenye meza mjini asielekezwe huko pia. Sharti liwe kwamba ameichagua kazi hiyo mwenyewe. Asisukumiwe ufukweni kwa sababu fundi wake alikuwa mvivu wa kung'oa misumari miwili.

Meza mpya zinakuja

Haya yana haraka yake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, na vyuo vipya vya VETA vya wilaya vinaendelea kujengwa nchini. Mwanza ina VETA yake Nyakato, ina shule kongwe ya ufundi ya Bwiru Wavulana, na upande wa Mara ipo Musoma Ufundi. Kuna pia vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Malya na Sengerema, sehemu ya mtandao ulioanza mwaka 1975 kwa kuiga mfano wa Sweden. Kila mahali panapofunguliwa darasa la useremala patanunuliwa meza, na meza ya seremala iliyotengenezwa vizuri hudumu miaka mingi. Itakayonunuliwa mwaka huu itawapima wajukuu wa wanaoinunua.

VETA pia hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunza mtaani, kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Fundi wa mashoto aliyejifunza kwenye meza ya misumari akija kupimwa kwenye jiliwa la kushoto atachelewa, na kuchelewa kutahesabiwa kuwa udhaifu wa ujuzi. Mpimaji mwenye busara atamwacha apimwe kwenye meza anayoifahamu. Afadhali hilo liandikwe kwenye mwongozo kuliko kutegemea busara ya mtu.

Kwa wanaoandaa zabuni za meza hizo, ombi langu ni la kifundi na linaingia kwenye mistari michache ya maelezo. Uso wa meza utobolewe matundu ya bolti za jiliwa ncha zote mbili za ukingo wa mbele, na nafasi ya taya la nyuma ichongwe pande zote mbili na kuzibwa kwa kipande cha mbao kinachotoka. Kizuizi kiwe cha kuchomeka, chenye tundu lake kila ncha. Miguu yote miwili ya mbele iwe na matundu ya vigingi. Katika kila karakana meza moja ya watu wawili iwe na majiliwa ncha moja badala ya mkingamo. Mafundi wa Mwanza wanaoweza kutengeneza meza hizo wapo, na matundu hayo ya ziada yanatobolewa kwa keekee ileile kabla meza haijatoka karakana.